Fungu la Nyanya na Pato la Taifa

Sokoni Buguruni, tuseme fungu la nyanya ni shilingi 1,000. Mwezi uliopita lilikuwa 1,000, na ukirudi mwezi ujao huenda muuzaji akakujibu vilevile. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Leo lina nyanya sita na moja ya nyongeza. Mvua zikiharibu mashamba zinabaki nne, na ile ya nyongeza hata kuiomba unaona haya. Kwa hiyo mdadisi wa bei akifika hapo na daftari, akauliza bei na kuondoka, atarudi ofisini kuripoti kwamba nyanya hazijapanda, wakati kila mama aliyetoka sokoni siku hiyo anajua zimepanda. Itabidi apime fungu kwenye mizani, kisha aandike bei ya kilo.

Nimeanza na fungu kwa sababu sehemu kubwa ya yanayoitwa maboresho ya takwimu za uchumi katika nchi zetu ni kazi ya namna hiyo: kupima upya kitu kilichokuwa kinahesabiwa kwa macho. Nyanya hazikuongezeka wala kupungua kwa sababu mizani imeletwa. Lakini tarakimu hubadilika, wakati mwingine kwa kishindo, na wananchi hugawanyika papo hapo: wapo wanaoshangilia kwamba tumetajirika, na wapo wanaosema tumepikiwa namba. Mimi huwa siko upande wowote kati ya hizo mbili. Ofisi ya takwimu inayobadilisha namba yake hadharani na kueleza sababu naiamini kuliko ile ambayo namba zake hazijawahi kukosea.

Tuanze na mfumuko wa bei, maana ndio unaotugombanisha zaidi. Tanzania Bara, Ofisi ya Taifa ya Takwimu hukokotoa Fahirisi ya Bei za Mlaji kwa kutumia kapu la bidhaa na huduma, na kila bidhaa hupewa uzito kulingana na sehemu inayochukua katika matumizi ya kaya. Uzito huo hautoki kichwani mwa mtu. Unatoka kwenye Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya, ambao umefanyika 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Matokeo ya utafiti yakitoka, kapu hupangwa upya. Kapu lililoanza kutumika mwaka 2021 lina bidhaa na huduma 383, na humo chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Katika kapu lililotangulia uzito huo ulikuwa 38.5, na katika lile la kabla yake 47.8.

Tazama maana yake. Chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vingine vyote vikatulia, kapu lile la uzito wa 47.8 lingetangaza mfumuko wa karibu asilimia 4.8. Kapu la sasa linatangaza 2.8. Bei ni zilezile na soko ni lilelile. Hakuna aliyedanganya: kadiri kipato kinavyopanda, sehemu ya matumizi inayokwenda kwenye chakula hupungua, na hilo limeonekana duniani kote. Kenya nako uzito wa chakula ulishuka kutoka karibu asilimia 36 katika kapu la 2009 hadi karibu 33 katika lile la 2019.

Ila kuna jambo moja ambalo wachumi wanalijua na hawalisemi kwa sauti ya kutosha. Kapu hili huhesabu shilingi, halihesabu watu. Chukua mtaa wenye nyumba kumi. Tisa kati yake kila moja inatumia shilingi 200,000 kwa mwezi, na 120,000 kati ya hizo, yaani asilimia 60, zinakwenda kwenye chakula. Nyumba ya kumi ni ya bwana mwenye geti: anatumia milioni 3 kwa mwezi, na chakula kinamchukulia 450,000, asilimia 15 tu. Jumlisha mtaa mzima. Matumizi yote ni milioni 4.8, chakula ni milioni 1.53, sawa na asilimia 32 hivi. Hiyo 32 ndiyo itakayoingia kwenye fahirisi kama uzito wa chakula wa mtaa huo, ingawa nyumba tisa kati ya kumi zinaishi maisha ya 60. Kwa hiyo mtangazaji anaposoma kwamba mfumuko wa Tanzania mwaka mzima wa 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1, na mama ntilie akauliza ni asilimia 3 ya wapi, wote wawili wanasema kweli. Tiba yake inajulikana na haina gharama kubwa: kuchapisha fahirisi za makundi ya kipato kando ya ile ya jumla. Kenya wamekuwa wakitenganisha makundi ya kipato ya Nairobi kwa miaka mingi. Sioni kwa nini jambo hilo lisiwe la kawaida kila mahali.

Hesabu yenyewe ndani ya fahirisi nayo inaweza kuwa na kasoro ambayo mlaji hataiona kamwe. Mwishoni mwa 2009 Kenya waliacha kuunganisha bei za bidhaa moja kutoka maduka mbalimbali kwa wastani wa kawaida, wakahamia wastani wa kijiometri. Njia ya zamani ilikuwa inaupaisha mfumuko. Baada ya badiliko hilo mfumuko uliotangazwa ulishuka sana, na wengi Nairobi waliamini serikali imechezea namba. Kitaalamu badiliko lilikuwa sahihi kabisa. Kilichopungua ni maelezo.

Sasa kishindo kikubwa zaidi, Pato la Taifa. Mwaka 2014 ulikuwa mwaka wa ajabu kwa Afrika katika jambo hili. Aprili, Nigeria ilitangaza kwamba uchumi wake wa 2013 ulikuwa mkubwa kwa asilimia 89 kuliko ilivyodhaniwa, ukawapita Afrika Kusini. Septemba, Kenya ikaongeza wake kwa robo na kuingia kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Desemba ikafika zamu ya Tanzania: Pato la Taifa la mwaka 2007 lilipanda kwa asilimia 27.8, na la 2013 kwa karibu theluthi. Ghana walikuwa wametangulia Novemba 2010, kwa nyongeza ya zaidi ya asilimia 60.

Kilichofanyika kinaitwa kubadilisha mwaka wa kizio. Pato la Taifa halipimwi lote kila mwaka. Hakuna nchi yenye uwezo huo. Huchaguliwa mwaka mmoja ambao uchumi hupimwa kwa kina, kwa sensa za viwanda, tafiti za kaya, sampuli za mashamba na hesabu za makampuni, kisha miaka inayofuata hukadiriwa kwa kusukuma mbele picha hiyo kwa viashiria vidogovidogo: tani za saruji, uniti za umeme, makusanyo ya kodi. Mwaka wa kizio ukizeeka, kilichozaliwa baada yake hakina kabati la kukaa. Nigeria walikuwa bado wanatumia 1990, mwaka ambao simu ya mkononi haikuwa sehemu ya maisha ya mtu wa kawaida huko. Baada ya kupima upya, mawasiliano ya simu yaliruka kutoka chini ya asilimia 1 ya uchumi hadi karibu 9, na filamu za Nollywood zikapata mstari wao. Kenya walikuwa na kizio cha 2001, wakati M-Pesa ilianza Machi 2007. Nchi nzima ilikuwa inatumiana pesa kwa simu huku hesabu za taifa zikiendelea kuitazama kwa miwani ya kabla ya M-Pesa.

Kwa hiyo wanaosema uchumi ulikua usiku mmoja wanakosea. Ulikuwa umekua zamani, kwa miaka kumi au ishirini, bila kuandikwa. Ushahidi ni kwamba waliopima tena mapema hawakupata kishindo. Tanzania ilipohamia kizio cha 2015, mwezi Februari 2019, nyongeza ilikuwa ndogo, chini ya asilimia 5. Kenya nao walipohamia 2016, mwaka 2021, hapakuwa na mtikisiko. Wataalamu hushauri kizio kibadilishwe kila baada ya miaka mitano hivi. Nigeria walikaa tena muda mrefu, na Julai 2025 walipohamia kizio cha 2019 walipata nyongeza ya karibu asilimia 30, safari hii wakijumuisha uchumi wa kidijitali na hata makadirio ya shughuli zisizo halali.

Namba hizi hazibaki kwenye vitabu. Chukua nchi yenye pato la 100, deni la 40 na kodi ya 18. Pato likipimwa upya na kuwa 125, deni limeshuka kutoka asilimia 40 ya pato hadi 32 bila kulipwa hata senti, na kodi imeshuka kutoka 18 hadi 14.4 bila mfanyabiashara yeyote kukwepa chochote. Waziri wa fedha anapata habari njema na habari mbaya kwenye karatasi moja: ana nafasi zaidi ya kukopa, na anaonekana hajui kukusanya. Kenya ndiko jambo hili lina makali zaidi. Kikomo cha deni lao kilikuwa asilimia 50 ya pato, mwaka 2019 kikageuzwa kuwa kiasi cha shilingi trilioni 9, kikapandishwa hadi trilioni 10 mwaka 2022, halafu 2023 kikarudishwa kwenye asilimia, safari hii 55 ya pato kwa thamani ya sasa ya deni. Kikomo kikishafungwa kwenye pato, mtakwimu anayepima pato anakuwa ameshika kamba ya kikomo, apende asipende.

Vivyo hivyo na daraja la nchi. Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini: pato la mtu mmoja mmoja kwa mwaka lilikuwa dola 1,080 na kizingiti kilikuwa 1,036. Tofauti ni dola 44. Bila marekebisho ya vizio ya 2014 na 2019 mstari huo usingevukwa mwaka ule. Sisemi haukustahili kuvukwa. Nasema tu kwamba sherehe ile ilikuwa na mchango mkubwa wa wadadisi ambao hakuna aliyewapigia makofi.

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo ambalo mizani pekee haitatui. Septemba 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu ya 2015, ikawa ni kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazokusudia kubatilisha, kupotosha au kuzitia dosari takwimu rasmi. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote pamoja. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake mwezi uliofuata, na Juni 2019 kifungu kikarekebishwa tena, adhabu ile ikaondolewa. Katikati ya hayo, Aprili 2019, Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema serikali haikuridhia tathmini yake ya uchumi ichapishwe, na Julai mwaka huohuo Benki ya Dunia ikatoa makadirio kwamba uchumi ulikua kwa asilimia 5.2 mwaka 2018, wakati takwimu rasmi zilisema 7.

Nani alikuwa sahihi kati ya 5.2 na 7? Swali hilo lina majibu ya kitaalamu, yanayotegemea namna ya kusoma mikopo ya benki, uagizaji wa bidhaa na makusanyo ya kodi, na watu wazima wanaweza kubishana juu yake hadi usiku wa manane. Lakini sheria ya 2018 iliidhuru zaidi taasisi iliyokusudiwa kulindwa. Wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu ni watu wenye ujuzi; sensa zao na tafiti zao zinatumiwa na vyuo vikuu vikubwa duniani, na Utafiti wa Kufuatilia Kaya, ule unaorudi kwa familia zilezile, umekuwa hazina tangu 2008/09. Namba yao ilikuwa na uwezo wa kujitetea yenyewe. Ikiwekewa askari mlangoni, hata namba sahihi huanza kutiliwa shaka.

Na wenye nchi tajiri wasitucheke. Tarehe 1 Agosti 2025 Rais Donald Trump aliagiza Erika McEntarfer, mkuu wa ofisi ya takwimu za ajira ya Marekani, aachishwe kazi saa chache baada ya ofisi hiyo kupunguza ajira 258,000 kwenye makadirio yake ya Mei na Juni. Masahihisho kama hayo ni ya kawaida: waajiri hujibu kwa kuchelewa, na majibu yakija hesabu hubadilika. Ugiriki ilimburuza mahakamani kwa miaka Andreas Georgiou, aliyesimamia takwimu za nakisi ambazo Umoja wa Ulaya ulizikubali. Uingereza haina kisa cha siasa ila ina cha milango iliyofungwa: mwaka 2023 waliojibu utafiti wa nguvukazi walipungua mno, hadi Oktoba ofisi ya takwimu ikasitisha kwa muda kuchapisha matokeo yake. Kwetu, mdadisi akibisha hodi bado hukaribishwa ndani, na pengine hupewa chai.

Ajira ndiyo takwimu ngumu kuliko zote katika uchumi wa aina yetu. Nigeria ilikuwa na ukosefu wa ajira wa asilimia 33.3 mwishoni mwa 2020. Agosti 2023 ilitoa matokeo ya njia mpya: 4.1 kwa robo ya kwanza ya mwaka huo. Vijana wa Lagos walicheka kwa uchungu. Njia mpya inafuata viwango vya kimataifa, ambavyo humhesabu mtu kuwa ana kazi akifanya hata saa moja kwa wiki kwa malipo au faida. Kipimo hicho kina maana zaidi katika nchi ambako asiyeajiriwa hulipwa posho na serikali, hivyo anaweza kukaa kusubiri. Machinga wa Kariakoo hana posho ya kusubiria. Hawezi kumudu kukosa kazi. Anachokosa ni kipato. Kenya, ambako zaidi ya asilimia 80 ya ajira nje ya kilimo kidogo ni za jua kali, kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira hakikuambii chochote kuhusu jioni ya fundi ambaye leo hakupata mteja. Tanzania hutoa tafsiri mbili sambamba, ya kitaifa na ya kimataifa, na huo naona ni uungwana: msomaji anaachiwa aone pengo.

Kuna hata mipaka inayochekesha ukiifikiria. Kwa kanuni za kimataifa za hesabu za taifa, mwanamke anayechota maji kisimani kwa ajili ya nyumba yake anazalisha, na kazi hiyo inastahili kuingia kwenye Pato la Taifa. Akifika nyumbani akayachemsha maji hayohayo na kupika ugali, hazalishi tena. Tafiti za matumizi ya muda, ambazo Tanzania imezifanya pamoja na tafiti za nguvukazi tangu 2006 na Kenya ikafanya yake mwaka 2021, zimeanza kuonyesha saa zinazopotelea jikoni. Kanuni mpya za hesabu za taifa zilizopitishwa Umoja wa Mataifa Machi 2025 zinaongeza data kwenye mali za uchumi na kusisitiza uchakavu wa maliasili. Ugali bado uko nje.

Yaliyoboreka bila ubishi ni makusanyo. Kenya ilifanya sensa yake ya kwanza ya kidijitali 2019, ikapata watu 47,564,296. Tanzania ilihesabu Agosti 2022 kwa vishikwambi, pamoja na majengo na anwani za makazi, na matokeo ya watu 61,741,120 yalitangazwa tarehe 31 Oktoba, miezi miwili tu baadaye. Vishikwambi vyenyewe vikaenda kwa walimu. Ukitaka kujua thamani ya hayo, vuka Ziwa Tanganyika: Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Kila tarakimu ya kipato cha Mkongo mmoja mmoja unayoisoma imegawanywa kwa idadi ya watu ambayo hakuna aliyeihesabu kwa zaidi ya miaka 40. Unaweza kuwa na wachumi hodari kiasi gani Kinshasa. Kigawanyo ni kisio.

Lakini kishikwambi huharakisha jibu, hakichagui swali. Kapu lile la 2021 limejazwa kwa matumizi ya kaya ya 2017/18, na tangu hapo matumizi ya nyumba za Tanzania yamehamia kwenye kitu ambacho mizani ya sokoni haikipimi: bando la simu. Aprili 2021, bei mpya za bando zilipotangazwa, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba zilisitishwa ndani ya siku chache. Siku nyingine hakuna kelele, kwa sababu bei haikuguswa: bando la 1,000 limebaki 1,000, ila ndani yake MB zimepungua, au muda wa kutumia umefupishwa, au sehemu yake ni ya usiku tu. Muuzaji wa Buguruni angeitambua mbinu hiyo mara moja. Mdadisi wa bei anatakiwa aandike bei ya MB moja, aamue MB ya saa nane usiku ina thamani gani ukilinganisha na ya saa nne asubuhi, kisha arudi mwezi ujao akute bando hilo limebadilishwa jina.